Uzi: Ondřej Sosenka, Mcheki aliyeishika rekodi ya saa moja kwa miaka 9 na bado hatajwi

#1 Spoku36 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, jukwaa limejaa nyuzi za Pogačar na Evenepoel. Wanastahili. Leo naomba tumzungumzie mtu ambaye hata wapenzi wa baiskeli wenyewe humruka wakihesabu majina: Ondřej Sosenka wa Jamhuri ya Czech. Huyu bwana alikuwa na rekodi ya dunia ya saa moja kuanzia Julai 2005 mpaka Septemba 2014, miaka 9 na ushei. Makala nyingi za rekodi hiyo zinaanza kwa Merckx, zinapita kwa Boardman, halafu zinakwenda moja kwa moja kwa Wiggins na Ganna, kana kwamba katikati kiti kilikuwa kitupu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Rekodi yake ni halali, iliwekwa kwa sheria kali kuliko za leo, na doa lililokuja baadaye liandikwe kando ya jina lake bila kulifuta jina.

Kwanza, kwa wasioijua rekodi yenyewe. Unaingia kwenye uwanja wa mzunguko peke yako, unaendesha baiskeli dakika 60, wanapima umbali uliokwenda. Basi. Hakuna wa kukukinga upepo wala mteremko wa kupumzikia, na baiskeli ya uwanjani haina breki wala friweli, kwa hiyo gurudumu likizunguka na miguu lazima izunguke. Henri Desgrange alifanya hivyo Paris tarehe 11 Mei 1893 akapata kilomita 35.325. Ni yuleyule aliyekuja kuanzisha Tour de France mwaka 1903. Fausto Coppi aliivunja Milan mwaka 1942, vita ikiwa inaendelea. Eddy Merckx akaifuata Mexico City tarehe 25 Oktoba 1972, mwaka uleule aliotwaa Giro d'Italia (mbio kubwa za Italia) na Tour de France, akaenda kilomita 49.431.

Baada ya Merckx wakaingia mafundi. Francesco Moser mwaka 1984 alifika 51.151 akitumia magurudumu ya sahani, yale yasiyo na spoku. Graeme Obree wa Scotland akabuni mkao wa kuficha mikono kifuani, na alipokatazwa akabuni mwingine wa kuinyoosha mbele. Chris Boardman akauchukua huo wa pili na mwaka 1996 akaenda kilomita 56.375 pale Manchester.

Hapo Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) likasema imetosha. Mwaka 2000 likatangaza kwamba rekodi rasmi itapimwa kwa baiskeli inayofanana na ile ya Merckx: fremu ya mabomba ya mviringo, magurudumu ya spoku, usukani wa kawaida uliopinda chini, kofia isiyochongwa kwa ajili ya upepo. Rekodi zote zilizopatikana kwa vifaa vya kisasa zikahamishiwa daftari jingine. Mwanzo ukarudishwa kwenye kilomita 49.431.

Boardman mwenyewe, aliyekwenda 56 na ushei, alipanda baiskeli ya namna hiyo Manchester Oktoba 2000 na kupata 49.441. Alimpita Merckx kwa mita 10. Tofauti ya karibu kilomita 7 kati ya Boardman wa 1996 na Boardman wa 2000 inakuonyesha baiskeli na mkao vina uzito gani. Kisha akastaafu, kwani alikuwa na ugonjwa wa kudhoofika mifupa.

Sasa tuje kwa mhusika wetu.

#2 DaMwajuma

Nimekaa mkao wa kusoma. Mleta uzi shusha, usituache njiani kama wale wa "itaendelea".

#3 Spoku36

Siwezi kukuacha njiani dada yangu.

Sosenka alizaliwa Prague tarehe 9 Desemba 1975. Kitu cha kwanza anachokisema kila aliyemwona ni urefu: mita 2 kamili. Waendesha baiskeli wengi wakubwa wana kati ya mita 1.70 na 1.85. Mtu mrefu hivyo ana shida milimani, maana mwili wake ni mzigo wa kupandisha, na ana shida kwenye upepo, maana kifua na mabega ni ukuta. Faida yake ni injini. Mapafu makubwa na miguu mirefu humpa nguvu nyingi kwenye njia tambarare, hasa anapokimbizana na saa peke yake.

Barabarani hakuwa mtu wa kubahatisha. Alishinda Tour ya Poland mwaka 2001 akiwa na timu ya CCC ya hukohuko Poland, akairudia 2004. Katikati, mwaka 2002, akashinda Mbio za Amani.

#4 Mwana_Mzizima

Mkuu naomba niingilie hapo kwenye Mbio za Amani, vijana wengi wa leo hawazijui na bila hizo humwelewi mwendesha baiskeli yeyote wa Czech.

Zilianza mwaka 1948 kati ya Warsaw na Prague, zikiandaliwa na magazeti ya vyama vya kikomunisti, Rudé právo la Czechoslovakia na la wenzao wa Poland. Baadaye Wajerumani Mashariki wakaingia na gazeti lao Neues Deutschland, na njia ikawa Warsaw, Berlin, Prague, kila mwaka mpangilio ukibadilishwa. Zilifanyika mwezi Mei. Kwa kuwa nchi hizo hazikuwa na wanamichezo wa kulipwa, hizi ndizo zilikuwa Tour de France yao. Jan Veselý, Mcheki, alishinda 1949 na mpaka leo kwao ni jina la kuheshimika. Jan Smolík alishinda 1964, Vlastimil Moravec 1972.

Mwaka 1986 zilianzia Kyiv tarehe 6 Mei. Mtambo wa Chernobyl ulikuwa umelipuka tarehe 26 Aprili. Siku kumi tu! Baadhi ya nchi zilikataa kupeleka vijana wao, nyingine zikapeleka, na wakaendesha baiskeli katika mitaa ya mji ule.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka mbio zikaanza kukosa fedha na watu. Za mwisho zilikuwa 2006. Kwa hiyo Sosenka mwaka 2002 alishinda kitu kilichokuwa kinaelekea kufa, ila kwa mzee wa Prague aliyekua akisikiliza mbio hizo redioni, jina lake liliandikwa kwenye orodha moja na la Veselý. Hilo si dogo.

#5 Spoku36

Asante sana mkuu, umenisaidia kazi.

Naendelea. Tarehe 19 Julai 2005, Sosenka akiwa na miaka 29 na akiiendeshea timu ya Kiitalia ya Acqua & Sapone, aliingia uwanja wa Krylatskoye, Moscow. Uwanja huo ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1980, una paa, sakafu ya mbao, na mzunguko mmoja ni mita 333.33. Hiyo ni ndefu kuliko mita 250 za viwanja vingi vya sasa. Kona zake si kali sana, na kwa mtu wa mita 2 hiyo ni nafuu kubwa.

Baiskeli yake ndiyo inayonifurahisha mimi. Giya ya mbele ilikuwa na meno 54, ya nyuma 13. Merckx alitumia 52 kwa 14. Kila Sosenka alipozungusha pedeli mara moja baiskeli ilisogea karibu mita 8.7, wakati ya Merckx ilisogea kama mita 7.8. Fanya hesabu utaona Merckx ilibidi azungushe miguu zaidi ya mara 105 kwa dakika, Sosenka kama mara 95. Mizunguko michache, lakini kila mmoja mzito zaidi. Na mikono ya pedeli ilikuwa ya milimita 190, mirefu mno, kwa sababu miguu yake ni mirefu. Baiskeli nzima ilikuwa na kilo 9.8, na kati ya hizo kilo 3.2 zilikuwa za gurudumu moja lililoongezwa uzito makusudi.

Alikwenda kilomita 49.700. Ni kama mizunguko 149, kila mmoja ukichukua wastani wa sekunde 24 na kidogo. Boardman alipitwa kwa mita 259. Merckx kwa mita 269.

Naomba hiyo ya mwisho muitazame vizuri. Kati ya 1972 na 2005 ni miaka 33. Dunia imebadilisha chakula cha wanamichezo, vipimo vya maabara, mbinu za mazoezi, vitambaa vya nguo. Lakini mpe mtu baiskeli ileile ya zamani na maendeleo yote hayo yanamletea mita 269, umbali usiotosha mzunguko mmoja wa uwanja ule. Na Merckx alikuwa Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na inapisha. Sosenka aliipata hewa nzito ya Moscow.

#6 DaMwajuma

Swali kabla hujaendelea. Gurudumu zito la nini? Mimi nilidhani wanatafuta wepesi, hadi spoku wanapunguza.

#7 Spoku36

Swali zuri dada. Barabarani wepesi ni kila kitu kwa sababu kuna milima, na kila baada ya kona unaongeza kasi upya. Uwanjani hakuna mlima. Unaongeza kasi mara moja tu mwanzoni, kisha unatafuta kubaki palepale kwa saa nzima.

Mmeona wale wanoa visu wanaopita mitaani na baiskeli zenye jiwe? Jiwe likishachanganya, hata akilegeza mguu kidogo halisimami ghafla, linaendelea na mwendo wake. Gurudumu zito linafanya hivyo. Linakutesa dakika ya kwanza, ila likishashika kasi linasawazisha yale mapigo ya mguu yasiyolingana na zile tofauti ndogo za kasi unapoingia na kutoka kwenye kona. Nguvu haliongezi hata chembe. Linachosaidia ni kuituliza, na mtu anayesukuma giya nzito kwa miguu mirefu anahitaji huo utulivu.

Sheria ilitaja maumbo, ikakataza magurudumu ya sahani na fremu za kuchongwa. Uzito wa gurudumu haikuukataza. Waliosema ni ujanja nawaelewa, lakini ni ujanja ndani ya sheria, kama Merckx naye alivyotafuta vifaa vyepesi kuliko vyote vya wakati wake.

#8 Nyangumi_Kigoma

Mleta uzi, unaandika vizuri na nimejifunza mengi, lakini kuna kitu unakizunguka. Mwaka 2008 huyu bwana alikutwa na nini? Sema.

#9 Spoku36

Sikizunguki mkuu, nilikuwa nakifikia kwa mpangilio wa miaka.

Mwaka 2008, kwenye mashindano ya ubingwa wa taifa lao, Sosenka alipimwa akakutwa na metamfetamini. Sampuli ya pili ikathibitisha. Kazi yake ya baiskeli ikaishia hapo. Ni dawa ya kusisimua mwili, imekatazwa kabisa wakati wa mashindano, na huko Czech ina historia mbaya ya miaka mingi, watu wakiipika majumbani tangu enzi za ukomunisti.

Sina la kupunguza hapo.

#10 Nyangumi_Kigoma

Basi tumemaliza. Mtu aliyekutwa na dawa 2008 nitamwaminije 2005? Zile zilikuwa enzi chafu kuliko zote, kila mwezi mtu anakamatwa. Boardman aliteseka na mifupa yake akakataa hata tiba ya homoni kwa sababu imekatazwa michezoni, halafu rekodi yake inachukuliwa na mtu wa namna hii. Mimi ningelirudisha jina la Boardman mpaka 2014. Hiyo ndiyo haki kwa waliokuwa wasafi.

#11 Spoku36

Hoja yako ina uzito, na kuhusu Boardman nakubaliana nawe kila neno. Sasa nisikilize na mimi.

Mwaka 1967 Jacques Anquetil alivunja rekodi ya saa pale Milan, kilomita 47.493. Wakamtaka atoe mkojo wa kupimwa palepale uwanjani, akakataa. Rekodi haikutambuliwa. Kwa hiyo tangu zamani mchezo huu una kanuni yake: siku ya rekodi unapimwa, ukikataa au ukikutwa na kitu, umbali wako haupo. Sosenka alipita kwenye lango hilo mwaka 2005 na rekodi ikatambuliwa. Mpaka leo ipo kwenye orodha rasmi.

Ukianza kufuta kwa kuangalia miaka ya mbele na ya nyuma, sogea nami taratibu. Merckx alitolewa kwenye Giro ya 1969 akiwa Savona, anaongoza mbio, kwa sababu ya kipimo. Yeye alikana maisha yake yote, lakini kipimo kilisoma hivyo. Tumfute 1972? Moser baadaye alikiri kwamba alibadilishiwa damu kabla ya 1984, jambo ambalo wakati ule halikuwa limekatazwa. Tony Rominger, aliyevunja rekodi mara mbili mwaka 1994, alikuwa chini ya daktari Michele Ferrari, yule aliyehusishwa na dawa zilizokatazwa michezoni. Ukipita na kifutio chako utabaki na kurasa chache sana.

Sisemi kwamba Sosenka alikuwa msafi 2005. Mimi na wewe hatukuwa ndani ya damu yake. Nasema kipimo ni kimoja kwa wote. Anayemtaja Merckx kwa heshima na kumruka Mcheki hatumii kanuni, anatumia mapenzi.

#12 Mwana_Mzizima

Hapo kwenye mapenzi umegusa penyewe. Sosenka hakuwa na jina la kuuza magazeti. Hakuwahi kuonekana kwenye jukwaa la washindi wa Tour de France. Angekuwa Mwitaliano au Mbelgiji, wanahabari wangeandika kurasa nzima, za kumsifu au za kumsulubu. Yeye hakupewa hata moja.

Tena ni tatizo la wana baiskeli wa Czech kwa ujumla, hasa wa uwanjani. Lada Kozlíková alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za scratch (wote wanaanza pamoja, wa kwanza kumaliza ndiye mshindi) mwaka 2002. Alois Kaňkovský bingwa wa dunia wa omnium (mbio kadhaa za uwanjani zinazojumlishwa) mwaka 2007. Jarmila Machačová bingwa wa mbio za pointi mwaka 2013. Watatu hao wote wameendesha uwanjani na barabarani. Nani humu alishawahi kuwasikia? Brno iliandaa mashindano ya dunia ya uwanjani mwaka 1981. Nchi ina mizizi mirefu.

#13 Nyangumi_Kigoma

Sawa. Sijakubali, ila hoja ya Anquetil sikuwa naijua, nakwenda kuisoma. Swali moja: kama alimpita Merckx kwa mita 269 tu, mbona rekodi ilidumu miaka 9? Mabingwa wote wale walikuwa wapi?

#14 Spoku36

Hilo ndilo swali la uzi mzima kwangu.

Jaribio la saa moja linakula miezi. Lazima ukodi uwanja, upate waamuzi na wapimaji, uache mbio zinazokulipa. Chini ya sheria ya 2000, ongeza na hili: kampuni ya baiskeli inayokudhamini haiwezi kuonyesha bidhaa yake mpya. Utaendesha fremu ya mabomba ambayo dukani hakuna anayeitafuta. Nani atatoa fedha? Na ukishindwa umeshindwa peke yako, saa nzima, kamera zikikutazama. Wenye majina makubwa walikokotoa hasara na faida wakabaki barabarani.

Mmoja alitaka kweli, Fabian Cancellara wa Uswisi. Alikuwa anajiandaa kuifuata rekodi kwa baiskeli ya mtindo wa Merckx. Mei 2014 UCI ikabadilisha sheria, ikaruhusu baiskeli zozote za kisasa zinazotumika kwenye mbio ndefu za uwanjani. Cancellara akaacha. Yeye alichokitamani ni kushindana na Merckx kwa silaha za Merckx. Natamani sana tungeiona saa ile.

Na hapa Sosenka anaonewa mara ya pili. Waliunganisha daftari, lakini shabaha iliyowekwa mbele ya watu wenye usukani wa kulalia, magurudumu ya sahani na kofia za kuchongwa ilikuwa zile 49.700 za mtu aliyeendesha akiwa amepinda mgongo kwenye usukani wa kawaida. Tarehe 18 Septemba 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 43, Jens Voigt aliingia uwanja wa Grenchen, Uswisi, akaenda 51.110.

Nampenda Voigt, alikuwa mpiganaji. Lakini tuangalie hesabu. Kwenye kasi hiyo karibu nguvu yote inamezwa na upepo, na nguvu unayohitaji hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kutoka 49.700 kwenda 51.110 kwa baiskeli ileile kunahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 9. Kwa usukani wa kulalia na gurudumu la sahani, upepo unaookoa unafuta asilimia hizo na chenji inabaki. Baada ya Voigt milango ikafunguka: Brändle mwezi Oktoba mwaka huohuo, Dennis, Dowsett na Wiggins mwaka 2015 (Wiggins 54.526), Campenaerts 2019, Bigham na Ganna 2022, Ganna akifika 56.792. Watu waliokuwa wanaiogopa walipanga foleni.

#15 DaMwajuma

Kwa hiyo nikikuelewa, kwa baiskeli ya mtindo wa Merckx, mpaka leo hakuna aliyempita?

#16 Spoku36

Kwenye orodha rasmi ya UCI hakuna. Wanaume waliovunja rekodi kwa sheria ile ni wawili tu, Boardman kwa mita 10 na Sosenka kwa 259. Kisha mlango ukafungwa, na sasa hakuna faida ya kujaribu kwa baiskeli hiyo maana hata ukienda kilomita 50 huhesabiwi kitu.

#17 Nyangumi_Kigoma

Mkuu hapo umenigusa. Nabaki na shaka yangu juu ya 2008, ila siku nyingine nikihesabu majina sitamruka. Nitamtaja na doa lake.

#18 Spoku36

Ndicho nilichokiomba tangu mwanzo, mkuu.

Wakuu, wanaotaka tuendelee kwenye uzi huu, naomba tuhamie kwa wanawake. Leontien van Moorsel wa Uholanzi alikwenda kilomita 46.065 Mexico City tarehe 1 Oktoba 2003, kwa sheria zilezile za baiskeli ya Merckx. Yake ilidumu muda mrefu hata kuliko ya Sosenka, mpaka Septemba 2015, alipoivunja Mmarekani Molly Shaffer Van Houweling pale Aguascalientes kwa 46.273, tayari kwa vifaa vya kisasa. Mwenye chochote kuhusu saa ile ya Van Moorsel akiweke hapa chini.